Filibasta ni nini, na kwa nini inampoteza mpiga kura wa Marekani

Tarehe 28 Mei 2021 Seneti ya Marekani ilipiga kura kuhusu muswada wa kuunda tume huru ya kuchunguza uvamizi wa Capitol, jengo la bunge lao, uliotokea Januari 6 mwaka huo. Waliounga mkono walikuwa 54, waliopinga 35. Muswada ukakwama. Kwa sisi tuliozoea "wengi wape", mtu anaweza kudhani mwandishi amegeuza tarakimu. Hakuzigeuza. Na kura yenyewe haikuwa hata ya kupitisha muswada. Ilikuwa ya kuruhusu uanze kujadiliwa.

Kilichoukwamisha kinaitwa filibasta: mbinu ya maseneta wachache kuzuia jambo kwa kukataa mjadala wake ufungwe. Katika Baraza la Wawakilishi, chumba cha pili cha bunge lao, walio wengi wanaweza kusema yametosha, tupige kura. Seneti haina njia hiyo. Iliiondoa kwenye kanuni zake mwaka 1806, na kwa miaka mingi hakuna aliyeona kwamba hatua hiyo ina madhara. Katiba ya Marekani haitaji filibasta popote, kwa hiyo ukikutana na mtu anayedai waasisi wa taifa waliipanga kwa hekima yao, mwombe akuonyeshe ibara.

Mwaka 1917, baada ya kundi dogo la maseneta kuzuia mpango wa Rais Woodrow Wilson wa kuzipa silaha meli za biashara wakati wa vita, Seneti ilitunga kanuni ya kufunga mjadala kwa kura za theluthi mbili. Mwaka 1975 kiwango kikashushwa hadi tatu ya tano, yaani kura 60 kati ya maseneta 100. Hapo ndipo palipo hadi leo. Chama chenye viti 53 kinaitwa "walio wengi", kinashika uongozi wa Seneti na kuamua ratiba, lakini kwa miswada mingi bado kinahitaji kubembeleza watu saba wa upande wa pili.

Zamani filibasta ilikuwa kazi ya miguu na koo. Seneta alisimama na kusema, na akikaa tu, amekwisha. Strom Thurmond wa South Carolina alisimama mwaka 1957 kwa saa 24 na dakika 18 akipinga muswada wa haki za raia, na muswada ukapita vilevile. Haikuwa ajali kwamba mbinu hii ilipendwa na maseneta wa kusini waliotetea ubaguzi wa rangi. Muswada wa kuyafanya mauaji ya watu Weusi mikononi mwa makundi ya wahuni kuwa kosa chini ya sheria ya serikali kuu ulipita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 1922, ukazimwa katika Seneti kwa filibasta. Sheria ya namna hiyo ilikuja kusainiwa Machi 2022. Hesabu mwenyewe.

Lakini angalau wakati ule mwenye kuzuia alionekana. Thurmond alisimama mbele ya watu, magazeti yakaandika jina lake, wapiga kura wake wakajua anasimamia nini hata kama wengine tunaona alisimamia uovu. Miaka ya 1970 utaratibu ulibadilishwa ili Seneti iweze kuendelea na shughuli nyingine huku muswada mmoja ukiwa umezuiwa. Nia ilikuwa njema: kazi zisisimame. Matokeo yake ni kwamba leo hakuna anayelazimika kusema neno. Inatosha kujulikana kwamba kura 60 hazipo, na muswada unawekwa kando. Aliyeuzuia anaweza kuwa amelala nyumbani.

Hapa ndipo uwajibikaji unapopotea. Seneta huchaguliwa kwa miaka sita, na muda huo mrefu unamfaa anayetaka mambo yasahauliwe. Mpiga kura anayetaka kujua seneta wake alifanya nini hakuti kura ya kukubali au kukataa sheria. Anakuta kura ya kufunga mjadala, au ya kuruhusu mjadala uanze, na seneta ana nafasi ya kusema: "Sikuupinga muswada, nilitaka tu tujadili zaidi." Tena kura 60 zinahesabiwa kati ya maseneta wote, si waliohudhuria. Ile siku ya Mei 2021, maseneta 11 hawakupiga kura kabisa. Kutokuwepo kwao kulikuwa na uzito uleule wa kusema hapana, ila bila alama ya hapana mbele ya majina yao. Kwa walio wengi nako kuna raha yake: unaweza kuahidi mambo makubwa jukwaani ukijua hayatafika popote, kisha useme wenzetu walitukwamisha.

Wanaoitetea filibasta wana hoja. Wanasema inalazimisha vyama viwili kukaa pamoja, na inazuia sheria zisipinduliwe kila baada ya uchaguzi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama maelewano hayo yangeonekana kwa wingi. Na ikumbukwe kwamba Wyoming, yenye watu wasiofika 600,000, ina maseneta wawili sawa na California yenye watu takriban milioni 39, kwa hiyo "wachache" wanaolindwa hapa wameshapewa kinga moja hata kabla filibasta haijaingia.

Si kila kitu kinahitaji kura 60. Mwaka 2013 chama cha Democratic kiliondoa sharti hilo kwa uteuzi mwingi wa rais, na mwaka 2017 Republican wakaliondoa kwa majaji wa Mahakama ya Juu. Kuna pia njia maalumu ya miswada ya bajeti, inayopita kwa wingi wa kawaida. Punguzo kubwa la kodi la 2017 lilipita huko.

Usiku mmoja unaonyesha jinsi ilivyo vigumu kusoma rekodi hizi. Januari 19, 2022, Democratic walileta muswada wa kulinda haki ya kupiga kura. Kura ya kufunga mjadala ilishindwa 49 kwa 51. Ukisoma orodha utaona jina la Chuck Schumer, kiongozi wao na mpiganiaji wa muswada huo, upande wa hapana. Alibadilisha kura yake makusudi, kwa sababu kanuni zinampa aliye upande ulioshinda haki ya kuomba kura irudiwe. Muda mfupi baadaye waliomba kanuni yenyewe ilegezwe kwa muswada huo, wakashindwa 48 kwa 52. Maseneta wawili wa chama chao, Joe Manchin wa West Virginia na Kyrsten Sinema wa Arizona, walikuwa wamepiga kura ya ndiyo kufunga mjadala wa muswada, kisha wakakataa kugusa kanuni iliyouua. Kwa hiyo rekodi inamwonyesha mpiganiaji wa muswada akiwa mpinzani, na waliouacha ufe wakiwa waungaji mkono.

Kwa mara moja, lakini, majina yalijulikana nchi nzima. Chama cha Democratic cha Arizona kilimpa Sinema karipio rasmi mwezi huohuo, naye mwisho wa mwaka akakihama. Viti vya wote wawili vilipofika kwenye uchaguzi wa 2024, hakuna kati yao aliyegombea.