Acheni kuusingizia utamaduni

Juzi tena, kwenye kikao cha mameneja: "Kulea ni utamaduni wa Wazungu. Baba wa Kiafrika ukimpa likizo ya uzazi ya mwezi atahamia kijiweni." Watu wakacheka. Mimi nina miaka 14 kwenye dawati la rasilimali watu, na kicheko hicho kimenichosha.

Haya, twende Norway. Kabla ya 1993 baba wa huko alikuwa tayari anaruhusiwa kugawana likizo ya uzazi na mkewe. Waliochukua hawakufika 5 kati ya 100. Wazungu wale wale, baridi ile ile. Mwaka 1993 zikatengwa wiki 4 za baba peke yake. Asipozichukua zinapotea, mama harithi. Muongo haujaisha, zaidi ya 70 kati ya 100 wakawa wanazichukua. Utamaduni gani huo wa kugeuka kwa miaka michache?

Siri iko kwenye hilo neno "zinapotea", na hapo ndipo mameneja wangu hawataki kutulia wanielewe. Likizo ya kugawana inamfanya baba awe mwombaji. Bosi anajua kwamba mama wa mtoto angeweza kuzimaliza siku zote, hivyo anayeomba anaonekana mtoro. Nyumbani nako mkipiga hesabu, abaki mwenye mshahara mdogo, na mara nyingi huyo ni mama. Hakuna aliyeamua kwamba baba asilee. Kalamu na karatasi ndivyo vilivyoamua. Zikitengwa, asiyechukua ndiye anayeulizwa kwa nini anatupa hela. Sweden walianza na mwezi mmoja mwaka 1995, leo kila mzazi ana siku zake 90.

Nikiri: Japani inanitibulia hoja. Kule baba ana haki yake mwenyewe, mpaka mtoto atimize mwaka, na miezi 6 ya kwanza bima ya ajira inalipa asilimia 67 ya mshahara. Bado mwaka 2019 waliochukua walikuwa kama asilimia 7 tu. Mwaka 2023 wakafika 30. Kwa hiyo sheria nzuri na bosi mwenye jicho kali, bosi anaweza kushinda kwa miaka mingi.

Sasa rudini nyumbani, Tanzania. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa baba angalau siku 3 zenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Jirani zetu Kenya wana wiki 2. Na hizo 3 zetu ni za mzunguko wa miezi 36, si za kila mtoto! Kila mwaka anakuja baba na fomu mkononi, uso umejaa furaha, nami ndiye wa kumwambia kwamba siku zake alizila kwa yule wa kwanza.

Siku 3: moja inaishia wodini, moja stendi kumpokea bibi, ya tatu unatafuta beseni na mkaa. Kisha tunasema hapendi kulea.

Kijana wa bodaboda anayetuletea vifurushi alipata binti mwezi uliopita. Kesho yake asubuhi alikuwa getini kwetu, macho mekundu. Aliniuliza, kwa utani, na yeye ajaze fomu ipi. Nilimpa hongera, nikasaini kifurushi.