Kumsaidia mtafiti chipukizi wa pengo la afya: maana yake nini?

Mwaka 2000, kituo cha utafiti cha APHRC kilifanya uchunguzi katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Ilionekana kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 151 walikuwa wakifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwa Nairobi nzima idadi ilikuwa kama 62 tu, na vijijini kama 113. Yaani wastani wa jiji uliwaficha watoto wa mabanda. Tofauti kama hiyo, inayotokana na makazi, kipato, jinsia au asili ya mtu, na ambayo ingeweza kuzuilika, ndiyo pengo la afya.

Mtafiti chipukizi ni aliye masomoni kwa shahada ya uzamivu, au aliyeipata si zamani sana. Wengi hudhani akishalipiwa ada basi amesaidiwa. Shida kubwa huanza akisharudi kazini. Anakabidhiwa madarasa, mitihani ya kusahihisha na vikao visivyokwisha, utafiti unabaki wa usiku. Mshahara ukipelea, anachukua kazi ya ushauri elekezi kwa shirika fulani, na hapo maswali ni ya mwenye fedha. Pengo la afya halichunguzwi hivyo. Huko Korogocho na Viwandani, mitaa ya mabanda ya Nairobi, APHRC ilizifuatilia kaya kwa miaka mingi, na mwenyeji hamwambii mgeni wa siku moja mtoto alikufaje.

Kwa hiyo msaada wa maana ni muda. Marekani, ruzuku za NIH (taasisi za serikali za utafiti wa afya) za kukuza watafiti, zile zenye herufi K, kwa kawaida humtaka mpokeaji atenge asilimia 75 ya muda wake wa kazi kwa utafiti na mafunzo, na chuo kikubali. NIH pia ina mpango wa kuwalipia deni la masomo watafiti wa pengo la afya, hadi dola 50,000 kwa mwaka.

Kwetu upo CARTA, mpango wa kuwafunza watafiti wa Afrika, ulioanzishwa 2008 chini ya APHRC na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Huwachukua wafanyakazi wa vyuo na taasisi za Afrika, huwakutanisha kwa semina nne za pamoja wakati wa uzamivu, nao hubaki waajiriwa wa kwao. Hilo la mwisho nalipenda, ila lina sharti: ukisoma tangazo la ufadhili, tazama kwanza kama limesema nani atafundisha darasa la mtafiti akiwa Korogocho.