Fedha taslimu kwa kaya ya mkulima: tuanze na kile inachoacha kufanya

Kila ninapowasilisha tathmini ya mradi wa kugawa fedha taslimu vijijini, swali la kwanza ni lile lile: walinunua nini? Muulizaji mara nyingi ana jibu lake tayari, pombe au mbuzi, kulingana na anavyowafikiria maskini. Dodoso langu huanzia kwingine. Kwanza nataka kujua kaya imeacha kufanya nini tangu fedha ziingie, maana umaskini wa mkulima hauko kwenye asivyo navyo tu. Uko pia kwenye maamuzi anayolazimika kuyafanya kila msimu huku akijua kabisa kuwa yatamgharimu.

Mkulima mdogo hupata kipato mara moja au mbili kwa mwaka, lakini watu wa nyumbani wanakula kila siku. Akiba ikiisha na mazao mapya yangali shambani, miezi ya njaa imefika. Kwa bahati mbaya miezi hiyo hiyo ndiyo shamba linadai kazi kuliko wakati mwingine wowote: palizi ya kwanza, palizi ya pili, mbolea ya kukuzia. Kaya isiyo na kitu haina mikono ya kupeleka shambani kwake, kwa sababu watu wazima wote wameamkia vibarua kwenye mashamba ya wengine ili jioni kuwe na chakula. Palizi yao inachelewa wiki mbili, tatu. Magugu yanagombea maji na rutuba na mimea ikiwa bado michanga, na hasara ya hapo haifidiki hata mvua ikinyesha vizuri baadaye. Mavuno yanapungua, akiba ya mwaka unaofuata inaisha mapema zaidi, na vibarua vinaanza mapema zaidi. Nimewasikia wataalamu wakiiita hali hii kutojua kanuni za kilimo bora. Nenda ukawaulize wakulima wenyewe lini palizi inapaswa kufanyika, watakutajia wiki yenyewe.

Jambo hili limepimwa. Katika utafiti uliofanyika mashariki mwa Zambia na kuchapishwa mwaka 2020, kaya zilipewa mkopo mdogo wa fedha au nafaka mwanzoni mwa miezi ya njaa, wa kulipwa baada ya mavuno. Waliokopa walipunguza vibarua, wakaongeza saa kwenye mashamba yao na kuvuna zaidi. Kuna tokeo jingine ambalo watu husahau kulitaja: ujira wa kibarua katika vijiji hivyo ulipanda, kwa kuwa walioutafuta walipungua. Kwa hiyo hata yule ambaye hakukopa alilipwa vizuri zaidi. Ule ulikuwa mkopo, si ruzuku, yaani fedha zisizorudishwa, lakini njia inayopitia ni ile ile: fedha kidogo wakati wa njaa humrudisha mwenye shamba shambani kwake.

Uamuzi wa pili anaolazimika kuufanya mkulima ni kuuza mazao siku ambayo kila mtu anauza. Ada ya shule inadaiwa, deni la dukani linadaiwa, na mnunuzi yuko mlangoni na mizani yake. Nchini Kenya watafiti wameonyesha kuwa bei ya mahindi katika masoko makubwa hupanda kwa asilimia 25 hadi 40 kati ya mavuno na miezi ya njaa, na kwenye masoko ya mbali mara nyingi hupita asilimia 50. Kaya maskini huuza bei ikiwa chini kabisa, kisha hurudi sokoni kununua chakula kile kile bei ikiwa juu. Fedha zikiingia karibu na mavuno, magunia hukaa ndani miezi kadhaa zaidi. Mkaguzi anayetafuta kitu kipya kilichonunuliwa hataona chochote, ila magunia ambayo bado hayajauzwa.

Kuhusu pembejeo, habari ni ngumu kidogo, na hapa natofautiana na wenzangu wengi wa kilimo wanaotarajia kila ruzuku igeuke mbolea. Kaskazini mwa Ghana baadhi ya wakulima walipewa fedha, wengine bima ya mvua, wengine vyote viwili. Bima ndiyo iliyoongeza zaidi uwekezaji shambani. Waliokatiwa bima walijitafutia wenyewe fedha za kulima zaidi, kumaanisha kwamba kilichokuwa kikiwazuia zaidi ni hofu ya kuzika mtaji ardhini kisha mvua isije. Mali ilitoa picha nyingine. Huko ruzuku iliyotolewa kabla ya kupanda iliongeza matumizi ya pembejeo na faida ya shamba. Ila palepale Mali, katika vijiji ambako watu walipewa kwanza nafasi ya kukopa, wale walioikataa hawakupata nyongeza ya maana shambani walipopewa ruzuku baadaye. Walishajipima, wakaona shamba lao kwa wakati ule halilipi. Sioni kwa nini mradi ujifanye kujua zaidi yao.

Mexico, ambako mpango wa serikali wa kugawa fedha kwa familia maskini, Progresa, ulianza mwaka 1997, uchambuzi wa baadaye ulikadiria kuwa katika kila peso familia za vijijini zilitumia senti 74 kwa mahitaji yao, chakula kikiwemo, na kuwekeza 26, ikiwemo kwenye mifugo. Wanaodhani mlo ni upotevu hulitaja hili kwa masikitiko. Mimi senti 74 hazinisumbui. Kulima kwa jembe la mkono ni kazi ya mwili, na mtu asiyeshiba hamalizi kipande chake.

Kisha kuna paa. Katika utafiti wa Rarieda, magharibi mwa Kenya, kati ya 2011 na 2013, walengwa walikuwa kaya zenye nyumba za nyasi, na matumizi yaliyojitokeza kwa wazi zaidi yalikuwa kununua mabati. Niliwahi kumsikia afisa mmoja akilalamika kuwa bati haizalishi. Anayesema hivyo hajawahi kulipia nyasi. Paa la nyasi linadai matengenezo kila mara, linavujia nafaka iliyohifadhiwa ndani, na halikingi maji ya mvua ya kunywa. Mwenye bati anaacha gharama inayorudi tena na tena, na hilo kwangu ni faida kama faida nyingine. Utafiti huo huo ulilinganisha malipo ya mkupuo na malipo ya kila mwezi. Ya kila mwezi yaliimarisha chakula, ya mkupuo yakaenda kwenye vitu vya kudumu. Si ajabu. Kaya ambayo haina pa salama pa kuweka akiba haiwezi kujenga paa kwa vipande vya kila mwezi. Vitaliwa, au vitaombwa na ndugu.

Pombe? Haikuongezeka Rarieda. Mapitio ya tafiti 19 kutoka mabara mbalimbali nayo yalikuta kuwa, kwa wastani, matumizi ya pombe na tumbaku hayapandi. Tuendelee.

Majirani wanastahili nafasi zaidi. Katika kaunti ya Siaya, Kenya, kaya zaidi ya 10,500 katika eneo la vijiji 653 zilipewa takriban dola 1,000 kila moja, kiasi ambacho katika kilele chake kilizidi asilimia 15 ya pato la eneo lililopokea. Kwa hesabu za kawaida ungetarajia bei ziruke. Zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu, na kila dola iliyoingia ikazaa shughuli za kiuchumi za kama dola 2.5. Kaya ambazo hazikupewa kitu nazo ziliongeza matumizi, kwa kuwa fedha ziliishia kwa mwenye mashine ya kusaga, fundi, muuza duka na kibarua. Maelezo yanayoniridhisha ni kwamba vijiji hivi vimejaa uwezo usiotumika: mashine inayosubiri wateja, fundi anayeshinda bila kazi. Mahali ambapo bidhaa haifiki kwa sababu barabara imekatika, nisingetarajia matokeo hayo. Huko fedha zingepandisha bei, na ningependekeza magunia ya chakula.

Mwaka 2025 yalitoka matokeo mengine ya Siaya: vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja vilipungua kwa karibu nusu. Nilisoma kwanza sehemu ya kazi. Wajawazito walipunguza kazi katika miezi mitatu ya mwisho na miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, na wengi zaidi walijifungulia hospitalini. Faida ilikuwa kubwa pale ambapo hospitali yenye madaktari ilikuwa karibu. Mama aliweza kukaa bila kushika jembe, tena akawa na nauli, lakini fedha hazikumletea daktari ambaye hayupo.

Sitaki kuahidi kuwa athari zote hudumu. Kaskazini mwa Uganda vijana waliopewa ruzuku ya kuanzisha ufundi mwaka 2008 walikuwa wamewaacha mbali kwa kipato wenzao ambao hawakupewa baada ya miaka minne, lakini kufikia mwaka wa tisa wenzao walikuwa wamewafikia. Hao walikuwa mafundi zaidi kuliko wakulima, na bado miaka ya katikati waliishi vizuri zaidi.

Kwa hiyo andiko la mradi likifika mezani kwangu, kabla ya kusoma kiasi cha fedha, naweka ratiba ya malipo kando ya kalenda ya kilimo ya eneo husika. Mara nyingi malipo yanafuata mwaka wa bajeti wa mfadhili: fedha nyingi zinatoka miezi ya mwisho ya bajeti ili zisirudishwe, na palizi imeshapita. Kutoa malipo wiki sita mapema zaidi hakuongezi gharama hata senti moja, ila kunahitaji mhasibu na afisa kilimo wakae chumba kimoja. Nikikataliwa hilo, naomba angalau kaya iambiwe tarehe ya malipo mapema na tarehe hiyo isibadilike, kwa sababu mkulima anayejua fedha inakuja wiki ya tatu anaweza kuahirisha kibarua cha wiki ya kwanza na akapalilia shamba lake.