Kumsahau Mungu hutangulia, sanamu hufuata

Ukitaja ibada ya sanamu hapa Kisumu, wengi hufikiria vinyago na vitu vya mganga, kisha wanajihesabu salama. Lakini Biblia inaonyesha kwamba mambo huanza mapema zaidi, pale mtu anapomsahau Mungu.

Dhana: Asiye na kinyago hana sanamu.
Paulo, katika Wakolosai 3:5, anaiita tamaa ibada ya sanamu. Kijana anaamka, hajamwambia Mungu asante, na tayari ameshika simu kuangalia kama beti imeingia. Maneno hayo yanamhusu.

Dhana: Watu humwacha Mungu wakati wa shida.
Hapa ndipo tunapojidanganya zaidi. Shida ikibisha hodi, kesha hujaa. Musa alihofia shibe. Katika Kumbukumbu la Torati 8, kabla Waisraeli hawajavuka Yordani, anawaonya kuhusu siku watakayokula wakashiba, wakajenga nyumba nzuri, mifugo na fedha zikaongezeka. Siku hiyo moyo utasema utajiri huu umetokana na nguvu zangu. Mstari wa 19 unaeleza kinachofuata: kumsahau Bwana, kisha kuiandama miungu mingine. Sokoni Kibuye utayaona hayo. Mwenye gunia moja la omena (dagaa) huomba kabla ya kulifungua; akishapata duka na lori, husimulia ujanja wake tu.

Dhana: Kumkumbuka Mungu ni jambo la moyoni, halihitaji maneno.
Yoshua aliagizwa mawe 12 yatolewe Yordani, akayasimamisha Gilgali, ili watoto wakiuliza maana yake wasimuliwe jinsi Mungu alivyowavusha mto. Waamuzi 2:10 inaonyesha masimulizi yakikatika: kikainuka kizazi kisichomjua Bwana wala matendo yake, na mstari unaofuata unawataja Mabaali, miungu ya Wakanaani.

Jirani yangu muuza omena analijua hili kuliko wahubiri wengi. Jioni, akishafunga gunia na gorogoro lake la kupimia, huhesabu pesa mbele ya wajukuu na kuwaeleza walivyokula wakati wa korona biashara ilipolala, na karo ilivyopatikana. Kila kisa anakifunga kwa "Nyasaye ber", Mungu ni mwema. Siku hizi wajukuu humkumbusha akiruka kipande.

Dhana: Kitu kilichoombewa hakiwezi kuwa sanamu.
Nyoka wa shaba aliagizwa na Mungu mwenyewe (Hesabu 21), na walioumwa na nyoka wakamtazama walipona. Karne nyingi baadaye watu walikuwa wakimfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja vipande (2 Wafalme 18:4). Walikumbuka shaba, wakamsahau aliyeponya. Nawaza hivyo nikiona chupa za mafuta ya upako na stika za nabii zinavyogombaniwa mikutanoni. Kama unaweza kulala bila kuomba lakini huwezi kulala bila ile chupa chini ya mto, itoe nyumbani leo, kisha uwaite watoto uwasimulie ni nani hasa aliyewaponya.