Injini ya mipigo minne "inakunywa" petroli? Kagua haya kabla ya kulalamika

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la ukaguzi wa boti ndogo yanafanana: mtu ameacha injini ya mipigo miwili, kanunua ya mipigo minne akiambiwa inabana matumizi, na sasa anaona dumu linakauka vilevile. Mara nyingi injini yenyewe haina kosa.

Kwanza lile tunalolirudia kila siku. Petroli ya injini hii haichanganywi na oili, hata kidogo, hata kwa nia ya "kuiongezea nguvu". Oili ina mahali pake ndani ya injini na hupimwa kwa kijiti, injini ikiwa imezimwa na kusimama wima. Uwiano wa 50 kwa 1 ulikuwa wa injini uliyoiacha. Ukiuendeleza, plagi zitashika masizi na petroli itaungua vibaya.

La pili ni thamostati, vali inayozuia maji ya kupooza hadi injini ipate joto lake la kazi. Injini ikipata moto, wapo mafundi wanaoing'oa na kuitupa. Joto linashuka kweli, lakini impela (gurudumu la pampu ya maji) iliyochoka au njia ya maji iliyoziba kwa chumvi inabaki pale pale. Injini inayokimbia ikiwa baridi hutumia petroli zaidi, na nyingine hupenya kwenye ringi za pistoni hadi kwenye oili. Chomoa kijiti: oili ikiwa imepanda juu ya alama ilhali hujaongeza, na inanuka petroli, usifurahi. Imwage, weka mpya, rudisha thamostati.

Propela ndiyo husahaulika zaidi. Nyingi ya injini hizi hutakiwa kufika kati ya mizunguko 5,000 na 6,000 kwa dakika mafuta yakifunguliwa yote, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida. Isipofika, huenda hatua ya propela, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, ni ndefu mno. Kuipunguza kwa inchi moja huongeza takriban mizunguko 200. Kwa mwendo huo wa juu, injini ya nguvu farasi 40 hutumia karibu lita 15 kwa saa, kwa hiyo boti ikishateleza juu ya maji, punguza. Mwendo wa hasara ni ule wa katikati, omo (mbele) juu, tezi (nyuma) limezama. Ama ongeza mwendo hadi boti iteleze, ama upunguze kabisa. Na kumba ngama, maji yanayotuama chini ya boti: lita 100 za maji ni kilo 100 za mzigo usio na nauli.

Anayeleta lalamiko aje na namba ya injini, risiti za oili na filta, na daftari la matengenezo. Kwenye daftari tunatafuta badiliko la kwanza la oili, kwa kawaida baada ya saa 20 za kazi ya injini, kisha kila saa 100 za kazi au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia. Oili ya gia vilevile. Kitabu cha injini yako kikisema tofauti, fuata kitabu. Kila mstari uwe na tarehe, saa za injini na sahihi ya fundi. Bila kumbukumbu hizo mtengenezaji anaweza kukataa madai ya udhamini, nasi hatuna uwezo wa kumlazimisha. Daftari lililojazwa lote siku moja kwa kalamu moja tunalitambua.

Injini ije na propela inayoitumia kila siku, si ya kuazima kwa ajili ya ukaguzi.