Mzee akianza kusahau: picha ya ubongo inatafuta nini?

Kusahau ulikoweka ufunguo si demensia. Demensia ni pale mzee aliyeuza korosho miaka yote anaposhindwa kuhesabu malipo yake, au anapopotea akienda shamba lake mwenyewe. Huku kwetu Kusini mwa Tanzania familia nyingi husema "ni uzee tu", nyingine huanza kumtafuta mchawi. Yote mawili humchelewesha mgonjwa.

Chanzo kikuu ni ugonjwa wa Alzheimer, wenye asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wa demensia duniani. Huja polepole, na mambo ya juzi na jana ndiyo hutangulia kusahaulika. Demensia ya mishipa ya damu hutokana na kiharusi, au shinikizo la damu na kisukari visivyodhibitiwa; mara nyingi mgonjwa hutulia miezi kadhaa, kisha huporomoka ghafla. Aina ya Lewy humfanya aone watu wasiokuwepo na atembee kwa kukakamaa. Hawa nawaonea huruma zaidi, maana ni rahisi kuambiwa wana mashetani. Ipo pia inayoshambulia sehemu ya mbele ya ubongo, ikabadili tabia kabla ya kumbukumbu, hata kwa mtu wa miaka 50.

Ubongo wenye Alzheimer changa unaweza kuonekana mzima kabisa kwenye picha. Basi CT scan, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa mionzi, ni ya nini? Kwanza kabisa tunatafuta kinachotibika. Mzee hujigonga kichwa, pengine kwenye tawi la mkorosho, akaendelea na palizi. Wiki kadhaa baadaye anachanganyikiwa, anasinzia mchana, mguu mmoja unalegea. Damu imevia chini ya utando wa ubongo. CT huionyesha kwa dakika chache, na ikitolewa kwa upasuaji wengi hupata nafuu kubwa. Uvimbe nao huonekana, na hata maji yaliyojaa ubongoni, ambayo dalili zake ni kuburuza miguu, kushindwa kuzuia mkojo na kusahau.

MRI, kipimo kingine cha picha, hutumia sumaku, haina mionzi, na huonyesha vizuri zaidi viharusi vidogo na kusinyaa kwa eneo la kumbukumbu. Mwenye betri ya moyo au chuma mwilini aseme kabla ya kuingia.

Vipimo vya damu navyo ni lazima: vitamini B12, tezi ya shingo, kaswende, VVU. Anzieni zahanati au kituo cha afya, mpate rufaa ya hospitali ya Ligula (Mtwara), Sokoine (Lindi) au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini (Mtwara). Mzee asindikizwe na anayeishi naye, aeleze dalili zilianza lini, kama aliwahi kuanguka, na dawa zote anazotumia, hata za miti shamba.