Kujenga upya mteremko wa diko katikati ya kaskazi

Kila ninapoitwa kwenye diko, yaani pale vyombo vya uvuvi vinapofikia na kushusha samaki, kutazama mteremko wa zege wa boti uliobomoka, mwenye fedha huuliza utagharimu kiasi gani, na wavuvi huuliza mtatufungia siku ngapi. Swali la wavuvi ndilo la kihandisi. Zege lenyewe fundi mzuri wa pwani analimudu. Kinachoangusha kazi hizi ni kutojua maji yatakuwa wapi, saa ngapi, na nani atakuwa anarudi na samaki saa hiyo.

Kwenye kila mkutano hatakosekana mtu wa kushauri tusubiri msimu wa uvuvi upite. Kwa karatasi ni ushauri mzuri. Lakini mwaka wa fedha, Tanzania na Kenya, huanza tarehe 1 Julai. Fedha zitoke, zabuni itangazwe, mkataba usainiwe, mkandarasi alete mashine. Ukitazama juu ni Novemba au Desemba na kaskazi, upepo wa kaskazini, inaingia. Bahari imetulia, vyombo vidogo vinatoka nje ya miamba, mnada umechangamka. Na hata fedha zingekuja mapema, kusi, upepo wa kusini, inayomzuia mvuvi ndiyo hiyohiyo inayomzuia fundi. Mwanzo wake huja na mvua za masika, na mawimbi yake hupiga mguu wa mteremko, yaani ile ncha ya chini ambayo ndiyo hasa tunakwenda kuitengeneza. Kwa hiyo mimi nimeacha kubishana. Napanga kujenga samaki wakiwapo, na mpango wangu naukabidhi kwa mwezi wa angani, maana ndio unaoyaongoza maji.

Vipimo kwanza, maana vyote vinatoka kwenye maji. Kati ya Mombasa na Mtwara, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kukupwa kuliko siku nyingine, hupanda na kushuka mita 3 hivi au zaidi, na bamvua kubwa za karibu na Machi na Septemba hukaribia mita 4 sehemu kama Zanzibar na Dar es Salaam. Maji mafu, yale ya siku za kati ya bamvua na bamvua, hucheza kwenye mita 1 tu au kuzidi kidogo. Mteremko wa kushushia boti kwa gari la kuvuta huwekwa mwinamo wa kama mita 1 kwa kila mita 8 za urefu. Kwa hiyo kufuata maji ya bamvua kubwa, kutoka yanapojaa hadi yanapokupwa, unahitaji mita 32 za zege. Pale ambapo boti huvutwa kwa mikono na magogo, napendelea mita 1 kwa 10, na hapo urefu unafika mita 40. Mteremko mfupi kuliko huo unawezekana, ila ujue kuna saa za siku ambazo boti itaishia kwenye tope mbele ya zege.

Hapa kuna mtego ambao haumo kwenye vitabu vingi vya ujenzi wa barabara, na wengi wanaopewa kazi hizi ni watu wa barabara. Jedwali la maji huhesabu kutoka sifuri ya ramani za bahari, ambayo iko karibu na maji yanapokupwa kabisa. Mpima ardhi huhesabu kutoka usawa wa wastani wa bahari. Kwetu tofauti ya sifuri hizo mbili hukaribia mita 2. Mtu akizichanganya, mteremko wa mita 1 kwa 8 unakwisha mita 16 kabla ya pale ulipotakiwa kufika. Nimeshasimama kwenye mteremko wa namna hiyo, mpya kabisa, umepakwa rangi pembeni, na boti zote ziko ufukweni upande wa pili zikisukumwa mchangani kama zamani. Siku hizi kabla ya kuamini namba yoyote naomba kigingi kipigwe, mtu akae nacho siku ya bamvua toka maji yanapoanza kutoka hadi yanaporudi, kisha tulinganishe na jedwali.

Sasa mwezi. Kwenye mwambao huu bamvua hukupwa mnamo saa nne asubuhi, na tena saa nne usiku. Kwa fundi hiyo ni neema: maji yanaondoka mbali kuliko siku zote, na yanafanya hivyo mchana kweupe, jua halijawa kali. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kilele chake kikichelewa siku moja au mbili. Ukizitazama kwa macho ya mhandisi, bamvua mbili hizo ni sawa. Ukizitazama kwa macho ya mvuvi wa dagaa, zimepishana sana. Dagaa na vibua huvuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka samaki hawakusanyiki kwenye mwanga, basi mabaharia hurudi makwao, nyavu hushonwa, injini hufunguliwa. Siku hizo za mwezi mpevu diko limepoa, na maji yako chini kabisa saa nne asubuhi. Ndizo siku za kufanya kazi ya mguu wa mteremko.

Bamvua ya mwezi mwandamo naitumia pia, ila kwa adabu. Maji yamejaa mnamo saa kumi alfajiri, vyombo vinarudi kukipambazuka, mnada unaanza. Hakuna mashine itakayowashwa hapo kabla ya saa mbili na nusu. Ikishafika saa tatu, wachuuzi wameondoka na ndoo zao, ndipo tunashuka. Kati ya bamvua hizo mbili kuna maji mafu, ambayo hukupwa saa kumi kasoro au na kitu, alfajiri na jioni, na hayaendi mbali. Siku hizo tunafanya kazi ya juu: mifereji ya maji ya mvua, sakafu ya pale magari yanapogeukia, nguzo za kufungia kamba. Mkandarasi asiyejua bahari hupanga kazi kwa wiki za kalenda, kisha analipa vibarua siku nzima wakae wakiangalia mawimbi.

Kuhusu kufunga: mteremko ugawe kwa upana, usiugawe kwa urefu. Nasisitiza kwa sababu michoro mingi hugawa kwa urefu, nusu ya juu awamu ya kwanza, nusu ya chini awamu ya pili, na mchoro wa namna hiyo unafunga diko zima mara mbili. Ukigawa kwa upana, ubavu mmoja unajengwa kutoka juu hadi mguuni huku ubavu mwingine, hata kama umebomoka, unaendelea kupitisha boti. Kikomo ni ngalawa. Gamba lake ni jembamba, lakini ukihesabu na mirengu yake, yale mabao ya ubavuni yanayoizuia isipinduke, inataka nafasi kubwa kuliko boti ya faiba yenye injini. Pima ngalawa pana kuliko zote pale dikoni kabla hujachora mstari wa kugawa. Kama haipiti, tengeneza kwanza kipito cha mchanga na magogo pembeni.

Zege nalo lina masharti. Mguu unakuwa wazi kwa muda wa saa mbili tu, au tatu ukiwa na bahati. Zege bichi likifikiwa na wimbi, saruji inaoshwa na kinachobaki ni kokoto zilizopakwa rangi ya kijivu. Ndiyo maana sehemu yote inayofunikwa na maji naijenga kwa vipande vilivyofyatuliwa juu, kivulini, vikamwagiliwa na kukomaa siku 28, kisha vikashushwa na kulazwa maji yakiwa chini. Siku hizo 28 ndizo zinazoamua mambo: vipande vifyatuliwe kabla diko halijafungwa hata mita moja. Anayefunga kwanza ndipo aanze kufyatua amewanyima watu mwezi mzima wa kaskazi bila sababu.

Ukubwa wa kipande unaamuliwa na kile kitakachokibeba. Ukiwa na kreni, laza vipande vya tani moja na zaidi. Madiko mengi hayana pa kusimamisha kreni, kwa hiyo natumia kipande cha mita 1.2 kwa 0.6, unene milimita 250, ambacho kina uzito wa kilo 430 hivi. Winchi ya mnyororo na fremu ya mabomba inakimudu. Kinalazwa juu ya kokoto zilizoshindiliwa, na chini ya kokoto kitambaa cha jiotekstaili, ili mchanga usinyonywe na wimbi kupitia kwenye maungio. Pembeni na mguuni unaweka boriti nzito ya kuvibana, na mbele ya boriti mawe makubwa.

Ndani ya vipande hivyo siweki nondo. Najua wenzangu wengine hawakubali. Hoja yangu ni kwamba chumvi ya bahari hupenya zege polepole hadi ikafika kwenye chuma, chuma kinaota kutu, na kutu ina ujazo mkubwa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo inalipasua zege kutoka ndani. Mahali pabaya kabisa ni pale panapolowa na kukauka kila siku, na mteremko wa boti karibu wote ni mahali pa namna hiyo. Kipande kinene, kifupi, kilicholala juu ya msingi mzuri hakipindwi kiasi cha kuhitaji nondo. Pale ambapo lazima ziwepo, kama kwenye boriti, nataka milimita 75 za zege juu ya chuma, na naenda mwenyewe na rula kabla ya kumwaga.

Mchanga wa ufukweni usiuguse, wala maji ya kisima cha jirani kabla hujayapima, maana visima vingi vya pwani vina chumvi. Kwa mfuko wa kilo 50 maji yote yasizidi lita 22, ukihesabu na unyevu uliomo kwenye mchanga. Zege la namna hiyo ni zito na mafundi hulilalamikia. Ukigeuka tu, kuna ndoo inaongezwa. Dawa ni kuwa na vaibreta, mashine ya kulitikisa zege lishuke na kushikamana, inayofanya kazi na ya akiba, maana ndoo hiyo huongezwa hasa pale vaibreta inapokufa.

Juu ya zege kuna mgogoro ambao mchoro hauuoni. Mwenye boti anataka uso laini, kwa sababu zege linakula mkuku, ule uti wa mbao wa chini ya chombo, na kukwangua faiba. Mchukuzi anayepanda na ndoo ya dagaa kichwani anataka uso wenye makwaruzo, kwa sababu kuanzia katikati kwenda chini ukijani huota na pale panateleza hatari. Nilikuwa nikitafuta uso wa kuwaridhisha wote wawili, haupo. Sasa ubavu mmoja wa mteremko naufanya njia ya miguu, mita moja na nusu, ngazi fupi zenye mashimo ya kushika kanyagio. Uliobaki una mifereji iliyokatwa kimshazari, inayomwaga maji na mchanga pembeni na kushika matairi. Na kando ya zege nabakiza ufukwe wa mchanga kwa wanaovuta ngalawa na mitumbwi. Wengi wao hawatagusa zege lako hata likiwa zuri namna gani, na wana haki.

Mazungumzo haya yote yafanyike na manahodha, pamoja na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU (kifupi cha Kiingereza, Beach Management Unit), na wanawake wanaonunua na kukaanga. Ofisini utaambiwa diko la muda litakuwa wapi, halafu ufike ukute pana mwamba chini ya maji ambao kila mtoto wa mtaa ule anaujua. Halmashauri nayo ina la kupoteza: boti zikitawanyika kushusha samaki kila kona, ushuru hautakusanywa na mizani itakuwa haina kazi. Hoja hiyo imewahi kunisaidia kupata gari la barafu kwenye diko la muda haraka kuliko hoja yoyote ya kuwahurumia wavuvi.

Kazi ikishakabidhiwa, sehemu ya fedha za mkandarasi napendekeza ishikiliwe hadi kusi ya kwanza ipite. Injini za nje zinapokanyagwa mafuta boti ikiwa bado imeegemea zege, maji yanayosukumwa na rafadha, yaani pangaboi, huchimba shimo mbele ya mguu, na kusi hulipanua. Mteremko huanza kufa hapo, kutoka chini, huku juu ukionekana mzima. Basi bamvua ya Septemba nenda saa nne asubuhi na kipande cha nondo cha mita moja, ukichomeke chini ya boriti ya mguu kila hatua moja. Kikikwama, sogea. Kikizama, weka alama ya rangi hapo juu ya zege, na mkandarasi alete mawe kabla kaskazi haijaanza.